Mikorosho Saba kwa Kihispania

Ubao wa darasa langu ni mweupe, na una sentensi isiyofutika. Niliiandika mwenyewe kwa makapeni ya kuandikia maboksi, nikidhani ni ile ya ubaoni. Nimeisugua kwa spiriti, kwa mafuta ya taa, hata kwa dawa ya meno. Imefifia, lakini jua la asubuhi likiingia dirishani inajitokeza tena, kama mtu aliyekuwa amesimama nyuma ya pazia. Inasema: Kinachosemwa humu kwa Kihispania hakitoki nje.

Darasa lenyewe ni chumba cha nyuma cha duka la daftari na fotokopi, hapa Nachingwea mjini. Kihispania nilijifunza peke yangu kwenye simu baada ya kukosa nafasi ya chuo, na sijawahi kukaa mbele ya mwalimu wake hata siku moja. Ndiyo maana naogopa. Somo moja naliandaa mara tatu, na nikikosea herufi nachana ukurasa na kuanza upya.

Wanafunzi walikuwa sita. Wengi walitaka kwenda kaskazini kuongoza watalii, mmoja alikuwa shabiki tu wa mpira wa Hispania, na mmoja alikuwa binti wa Narung'ombe, upande wa Ruangwa, aliyepanga chumba hapa mjini na kushona kwenye kibanda cha mama mmoja sokoni.

"Ticha," yule shabiki wa mpira aliniuliza wiki ya kwanza, "hiki Kihispania tutaongea na nani? Pale sokoni hakuna anayeuza nyanya kwa Kihispania."

"Utaongea na mimi."

"Si bora nikutumie meseji?"

Walicheka wote. Mimi nilicheka baadaye nikiwa nyumbani, nilipokwisha kujihakikishia kwamba hakuwa ananidharau.

Baada ya miezi ya rangi na bei za nyanya, nilichoka. Kwenye simu nilikuwa nikiona walimu wa nchi za mbali wakifundisha lugha kwa kujadili haki: ardhi, kazi, wanawake. Nilitaka kuwa mwalimu wa namna hiyo. Jumamosi moja niliandika ubaoni justicia, yaani haki, nikauliza: ni dhuluma gani umeiona kwa macho yako? Wote wakainamia madaftari yao. Hapa kwetu aliyedhulumu ni shemeji wa mtu, na mtu huyo ni jirani yako. Ndipo nikaiandika ile kanuni. Lugha hii, niliwaambia, haina jirani anayesikiliza dirishani.

Wakafunguka. Yule binti aliandika ukurasa mmoja na nusu.

Aliandika kwamba baba yake alipofariki, baba yake mdogo alichukua shamba lote la korosho. Mama yake aliachiwa mikorosho saba ya bondeni, kwa mdomo tu, bila karatasi. Kila msimu mama anapeleka kuku kwa shemeji yake kumshukuru, na mikorosho hiyo saba aliipanda yeye mwenyewe, akiwa na mimba ya huyo binti, akipanda na kushuka na ndoo ya maji kichwani. Mmoja shina lake limelala chini kisha likainuka, kama mtu aliyejikwaa akasimama.

Niliusahihisha ukurasa ule mara nne. Kilikuwa kitu kizuri kuliko vyote vilivyowahi kutoka katika chumba kile, nami nilijivuna kana kwamba nimekiandika mimi.

Tulipokaribia kufunga kozi niliandaa sherehe ndogo na kualika wazazi. Nilimwomba binti ruhusa ya kuusoma ukurasa wake bila kumtaja jina.

"Kwa Kihispania tu, ticha?"

"Kwa Kihispania tu."

"Haya."

Mama yake hakuweza kuja kwa sababu ya mguu uliokuwa ukimsumbua. Akaja baba yake mdogo, aliyekuwa mjini kufuatilia magunia yake ya korosho. Alinisalimia mlangoni kwa heshima, akajitambulisha, akakaa mstari wa mbele na kofia yake gotini. Hapa ndipo kila mara natamani kuongopa. Natamani kusema sikujua ni nani. Nilijua.

Nikaanza kusoma. Wageni walisikiliza kidogo, kisha wakaanza kutazama simu zao. Yule mama wa kibanda cha cherehani akapaza sauti: "Ticha, tutafsirie basi! Tumekaa kama kuku wanaosomewa risala!"

Chumba kizima kikacheka. Naogopa sana kuchekwa. Nikatafsiri.

Jina sikulitaja. Narung'ombe niliifanya "kijiji kimoja". Baba mdogo nilimwita "ndugu wa marehemu". Niliona nimeficha vya kutosha. Lakini nilipofika kwenye ule mkorosho nilisimama, nikitafuta neno. Nikasema "ulioinama". Halikutosha. Nikasema "uliolala". Nikarudi nyuma, nikasema, "uliojikwaa ukasimama", na chumba kikanyamaza, na furaha niliyoipata sitaki kuikumbuka. Nilipoinua macho nilimwona binti akinitazama kama unavyomtazama mtu anayerudi kinyumenyume kuelekea shimoni, nawe uko mbali mno kumfikishia sauti.

Walipiga makofi.

Baba yake mdogo alikuja kunipa mkono. "Umesoma vizuri sana, mwalimu," alisema. "Huo mkorosho nami naujua. Mwaka huu nimeupulizia dawa ya salfa kwa mkono wangu."

Alitabasamu, akavaa kofia, akatoka.

Binti alibaki kutusaidia kupanga viti. Alipomaliza alisimama mbele yangu na kusema, kwa Kiswahili, "Laiti ungekosea hata kidogo tu, ticha." Hakurudi tena darasani.

Wiki kadhaa baadaye yule mama wa cherehani aliniambia kwamba binti amerudi kwao na msaada aliokuwa akiupata mama yake kwa shemeji yake umekatika. Nikapanda bodaboda hadi Narung'ombe, daftari lake, lililobaki kwangu tangu sherehe, likiwa kifuani ndani ya mfuko wa plastiki. Korosho zilikuwa zinaanguka. Njia nzima ilinuka mabibo, na mimi njia nzima nilipanga sentensi ya kuomba msamaha, nikiibadilisha kila tulipopita daraja.

Mama alikuwa ameketi mbele ya nyumba akimenya muhogo, mguu mmoja ameunyoosha. Sentensi yangu yote ilipotea. Nikasema tu, "Mama, ni mimi niliyesoma."

"Najua, mwanangu. Kaa." Alisema jambo kwa Kimwera kuelekea ndani, na binti akaleta kigoda bila kunitazama. "Shemeji alikuja kesho yake asubuhi. Akasema, 'Kama nimeitwa mwizi mbele za watu, acha basi niwe mwizi kweli.' Siku hizi wanaookota kule bondeni ni vibarua wake."

Nikasema kuna baraza la ardhi la kata. Nikasema barua nitaiandika mimi, vizuri, atakuja kuona.

"Nikimshtaki shemeji yangu," alisema, akiendelea kumenya, "siku nikifa kaburi langu atachimba nani?"

Nikampa lile daftari. Alilifungua, akalitazama, akanirudishia.

"Nisomee. Watu wote wameyasikia maneno ya mwanangu isipokuwa mimi."

Nilifungua kinywa ili nitafsiri. Binti alikuwa amesimama mlangoni.

"Kwa Kihispania tu, ticha," alisema.

Nikasoma. Ukurasa mmoja na nusu, kwa lugha ambayo mama yule hakujua neno lake hata moja. Alisikiliza ameinamisha kichwa, kisu kimetulia juu ya muhogo. Matamshi yaliniharibikia, nami sikurudia. Nilipofika kwenye mkorosho uliojikwaa, binti aligeuza uso akatazama bondeni. Mama akayafuata macho yake. Wakabaki wakitazama huko wote wawili, na kutoka bondeni tukasikia watu wakiokota, wakiitana na kucheka.