Nyekundu Iliyomtoka Fundi

Saa tatu asubuhi, jumba la sanaa likiwa halijapata wageni, mwanamke mwenye sauti ya chini anasimama ubavuni mwa mzee na kuanza kumsomea mchoro.

"Ni kijiji cha kisiwani," anasema. "Bahari imepandishwa juu, kama pazia nyuma ya nyumba. Chini kuna njia ya mchanga. Inaingia kutoka kushoto, inawapita wanawake wawili wanaotwanga, inapinda kwenye nyumba ya mwisho na kuishia penye kamba ya kuanikia."

"Na kwenye kamba?"

"Nguo moja, baba. Nyekundu."

Mzee anainua uso kuelekea mchoroni.

Wageni humwita mwanamke huyu Mama Macho. Kwa miaka kumi na mmoja kazi yake imekuwa kuwaeleza wasioona kilichomo ndani ya michoro. Hulipwa kwa siku anayoitwa tu. Nyumbani, wanawe humtania kwamba hata mchuzi huueleza kwanza ndipo aupakue.

Mzee huyu alikuwa fundi cherehani. Macho yalimzimika miaka minne iliyopita, na sasa rangi zinamtoka kichwani. Kijivu kilitangulia; hakukililia. Kisha ikafuata nyekundu.

"Jina lake ninalo," anasema. "Sura ndiyo sina. Kama marehemu asiyeacha picha."

Ndiyo maana huja kila Alhamisi, mbele ya mchoro uleule. Mwanzoni Mama Macho alimwambia kuwa nyekundu ni moto, ni damu, ni pilipili.

"Binti yangu, hayo ni maumivu," mzee alimjibu. "Mimi nimeuliza rangi."

Mama Macho anacheka akikumbuka. "Nilikueleza kama mtu ambaye hajawahi kuona, baba. Kumbe wewe ulikuwa ukichagua uzi kwa mwanga wa dirishani."

Leo anaiacha nyekundu yenyewe na kueleza majirani zake. Nyuma ya nguo kuna majani ya kijani kilichokolea. Buluu ya bahari inakomea ukutani, haiigusi nguo.

"Mchoraji hakuiweka nyekundu popote pengine," anasema. "Hata kilemba cha jogoo amekitia kahawia. Jicho linashuka na njia, halipati pa kutua hadi hapo. Mimi nadhani mwenye nguo yumo ndani, na mchoraji alitaka tumbishie hodi."

Mzee anasugua kidole gumba na cha shahada, kana kwamba anasokota uzi.

"Kijani hicho ukikishonea uzi mwekundu, mshono unaonekana tangu mlangoni."

"Naam, baba. Tangu mlangoni."

"Basi ngoja."

Mama Macho hamharakishi. Polepole uso wa mzee unalainika.

"Imekuja," anasema. "Ndogo, lakini imekuja."

Mama Macho anajipangusa macho kwa ncha ya mtandio. Anatumaini kwamba, wiki baada ya wiki, nyekundu hiyo itakua. Mzee, hata hivyo, ana mpango wake.

"Alhamisi ijayo tuanze njano," anasema, akiupapasa mkono wa mwenyeji wake.

"Njano nayo imeondoka?"

"Bado ninayo. Ndiyo maana nataka tuiwahi."