Dagaa Hawaonekani Ukavu kwa Picha

Niliacha shule kidato cha pili, na tangu hapo sijakaa mji mmoja muda wa kutosha kuzoewa. Niliporudi Kigoma kutoka Tunduma nilifikia kwa shangazi yangu, Buzebazeba. Alikuwa anakausha dagaa mwaloni Kibirizi, ufukweni wavuvi wanaposhusha samaki, kwenye chanja alizojengewa na marehemu mume wake, na biashara ilikuwa inamfia mikononi. Wanunuzi wa Dar es Salaam hawakuja tena wenyewe kuchagua mzigo. Walinunua kwa simu, kwa kutazama picha.

Naye alipiga picha. Alizitupia kwenye mtandao ule mkubwa ambao kila mtu yumo. Lakini kwenye picha, dagaa aliyekauka na dagaa mwenye maji ndani wanang'aa sawasawa, na picha zake zilipotelea katikati ya picha za mwalo mzima. Hakuna aliyeuliza hata bei.

Mimi nina ugonjwa wa kufungua kila kitu kipya kwenye simu. Ndivyo nilivyokuta mtandao mmoja mchanga, wa sauti tupu. Watu wanafungua chumba, wanakaa humo, wanaongea. Mchana mmoja nikafungua changu pale pale kwenye chanja. Mama mmoja wa Dodoma akanivamia.

"Hao dagaa unaowasifia wamekauka, au unataka kutuletea uvundo?"

"Wamekauka, mama."

"Fikicha tusikie."

Mnunuzi akifika mwaloni hufanya hivyo hivyo: anachota kiganjani, anafikicha karibu na sikio. Aliyekauka anavunjika kwa mlio, mbichi anasagika kimya. Nikafikicha mbele ya simu.

"Ehee! Sasa mwenye mzigo yuko wapi? Sitaki dalali."

Nikamkimbilia shangazi, aliyekuwa anageuza dagaa.

"Humo mna watu wangapi?" akauliza.

"Wachache, shangazi. Ndiyo maana wanasikiliza."

"Wakijaa uniite. Siachi jua hili nikaongee peke yangu kama mwehu."

Jirani yake wa chanja akacheka. "Dagaa wa redioni! Kesho mtatuuzia na harufu."

Nilimbembeleza msimu mzima. Nilimwambia kwamba kwenye mtandao wenye wengi alishajaribu, hakuonekana. Kwamba humu angepoteza bando na mchana mmoja, basi. Kwamba pakishajaa hapatakuwa na nafasi ya mtu kama yeye. Akaniuliza ni kazi gani niliwahi kuianza nikaimaliza.

Aliyeingia ni mama mmoja wa Mwandiga, mgeni kwenye biashara ya dagaa, aliyekuwa akinunua kwetu kwa ndoo. Aliongea humo kila alasiri, akafikicha, akataniana na watu hadi wakamzoea kwa sauti. Kisha mtandao ukajaa. Wenye maghala wakaanza kulipia ili vyumba vyao vitangulie kuonekana.

Ndipo shangazi akasema, "Haya, nifungulie."

Alijifunga khanga upya kana kwamba ataonekana. Akasalimia, akaeleza dagaa wake walivyoanikwa bila kugusa mchanga, akafikicha. Akaingia mtu mmoja, akauliza kama kuna kazi ya uvuvi, akatoka. Shangazi aliendelea kueleza mpaka sauti ikamkauka. Mimi niliona kwenye kioo cha simu kwamba hamna mtu, nikashindwa kumwambia.

Chanja aliziuza. Mnunuzi alikuwa yule mama wa Mwandiga, aliyekuja na vibarua kuzing'oa azihamishie upande wake wa mwalo.

"Shikamoo, mama," akamwamkia shangazi.

"Marahaba, mwanangu."

Shangazi akawafuata vibarua, akiwaonyesha pa kushika ili nguzo zisipasuke.

"Huu mguu una mchwa," akamwambia yule mama. "Ubadilishe kabla ya mvua."

"Nitaubadilisha, mama. Na ukitaka kazi ya kuanika kwangu, usione haya. Karibu."

Shangazi alitazama mashimo yaliyobaki mchangani.

"Mnaanza saa ngapi?" akauliza.