Marobota Sita ya Jirani Yangu

Mwaka ule Idi ilikuwa imekaribia na kitambaa cheusi cha mabuibui kimeadimika katika mji wetu wote wa Ibra. Mimi nauza vitambaa soko la Jumatano, lile la wanawake peke yao, na sikuwa na robota jipya hata moja. Basi simu ikalia. Yule Mchina anayetununulia mali viwandani kwao.

"Dada! Yamebaki marobota sita. Meli inaondoka kesho. Nakupa wewe!"

Nilirukaruka jikoni kama mtoto, kisu mkononi. Sita! Halafu, sijui kwa nini, nikauliza yalikuwa ya nani.

"Ya bibi mmoja wa huko huko kwenu. Kaagiza zamani, lakini simjui, ananiletea karatasi tu. Wewe umekula nyumbani kwetu."

Kweli nilikula. Nilipokwenda kwao na kaka yangu, mama yake alinichemshia mayai siku tatu, maana nyama yao siili, na mimi nilimpelekea halwa na ubani. Nikadhani ni ukarimu tu. Kwake yeye tulishakuwa ndugu, na hawezi kumweka ndugu yake foleni.

Sitaki kumsema vibaya. Na sisi tunayo wasta, neno la mkubwa linalomfungulia mtu wako mlango. Mwanangu kazi yake kaipata hivyo hivyo, na sikukataa. Nani mimi wa kumfundisha mtu haki? Lakini bibi huyo nilimjua, maana sokoni kwetu ni sisi wawili tu tunaoagiza kwake. Mkeka wake uko ubavuni mwa wangu.

"Mpe mwenyewe," nikasema.

"Dada, nimekosa nini?"

"Hujakosa."

Hakuniamini. Tangu siku ile ananiita "madam". Mpaka leo sijui nilitenda haki, au nilimrudishia mtu wema wake usoni.

Jumatano ya mwisho kabla ya Idi, wanawake walimvamia jirani yangu, wengine wametoka mji wa Sinaw tangu alfajiri. Kelele, vicheko! Kwangu hata nzi hatui.

"We shoga, umekaa kama bibi harusi!" akaniita. "Huna kitu leo? Njoo na mkasi wako, mwenzio nazama!"

Nikaenda mbio. Tukapima, tukakata, tukacheka, jasho linatutiririka, mpaka robota la sita likabaki gunia tupu.

"Mchina wetu huyu hodari," akasema. "Mali imefika kwa wakati."

"Wallahi, mtu mzuri," nikamjibu, na nilikusudia hivyo hivyo. Mengine sikumwambia.