"Breki ndiyo siiamini": Esteria na usukani alionyang'anywa

Ukungu umeshuka Soni, wilayani Lushoto, asubuhi hii hadi paa za maduka hazionekani. Lori lililosheheni kabichi na karoti linaacha lami na kuegeshwa pembeni, na kabla injini haijanyamaza vizuri, mzee mmoja ameshateremka na kusukumia gogo mbele ya tairi. Dereva anashuka nyuma yake. Anatandika gunia, analala chali na kujiingiza uvunguni mwa gari.

Dereva huyo ni Esteria Sefania, mwenye umri wa miaka 41, mkazi wa Gare. Mzee ni Omari, utingo wake, ambaye ni rika la baba yake. Kwenye gari dereva ndiye mkubwa, lakini kila siku Esteria ndiye anayetangulia kusema shikamoo.

"Kutoka hapa hadi Mombo ni mteremko na kona tupu," anasema kutoka uvunguni, zikionekana buti zake tu. "Nikishaanza kushuka sina pa kubadilishia mawazo. Kwa hiyo mawazo yangu nayamalizia hapa."

Lori jingine linapita likiteremka. Dereva wake anapiga honi na kuchungulia dirishani. "Mama Simama, bado umelala?"

Esteria anatoa mkono mmoja nje na kumpungia.

Jina hilo leo analicheka. Kabla yake kulikuwa na neno jingine, ambalo halikumchekesha hata siku moja. Neno hilo lilimtoa kwenye usukani na kumfungia milango ya wenye magari wa Lushoto. Walisema Esteria hajiamini.

Ni neno jepesi sana mdomoni. Mwalimu humwambia mwanafunzi aliyenyamaza, bosi humwambia mfanyakazi aliyekataa, na likishatamkwa hakuna anayedai ushahidi. Aliyeambiwa ndiye anayebaki akijikagua usiku na mchana. Aliyelisema anaendelea na chai yake.

Esteria alianza kama mpakiaji wa matenga ya mboga, akajifunza kuendesha kwa kaka yake, na kwa miaka sita alikuwa dereva wa mfanyabiashara wa mboga aitwaye Edgar. Masika ya mwaka jana alianza kumweleza bosi wake kwamba breki ya lori inazama. Alimweleza zaidi ya mara moja. Jibu lilikuwa lile lile, aende nalo hivyo hivyo, wataliangalia wiki ijayo.

Wiki hiyo haikufika. Siku moja mvua ikinyesha, akiwa na shehena ya kabichi, alikanyaga breki hapa hapa Soni ikaenda hadi chini na kurudi kwa kujivuta. Akaegesha, akampigia Edgar simu.

"Nikamwambia, bosi, gari hili halishuki. Akaniuliza, gari halishuki au wewe ndiye hushuki?"

Edgar alipanda Soni akiwa na dereva wake mwingine, Martin. Martin alichukua funguo mbele ya watu waliokuwa wakinywa chai kibandani, akawasha lori, akashuka nalo. Alifika Mombo salama. Kabichi zikauzwa, na pale kibandani watu walicheka mpaka mvua ikakatika.

Wapo watakaotaka kusikia kwamba lori lilipinduka, ili Esteria aonekane alisema kweli. Halikupinduka. Alikuwa amesema kweli hata hivyo, na hapo ndipo panapouma.

Kilichofuata kinatia hasira hata kukisimulia. Badala ya kulipeleka lori kwa fundi, Edgar alimpeleka dereva kwenye semina. Alimlipia kiingilio katika ukumbi mmoja mjini Lushoto, ambako mhamasishaji mwenye suti na kipaza sauti alikuwa akifundisha namna ya kujiamini na kushinda hofu. Esteria aliitwa mbele na kuambiwa atamke kwa sauti kubwa, "Ninaweza." Akatamka.

"Halafu akaniuliza, siku nyingine hofu ikikujia mlimani utafanya nini? Nikamjibu, nitasimama. Ukumbi mzima ukacheka. Akaniambia, dada, unaliona tatizo lako? Nikamwambia, kaka yangu, mimi najiamini. Breki ndiyo siiamini."

Kesho yake Edgar alimtaka akabidhi funguo. Alizunguka kwa wenye malori mengine, na kila alikokwenda alikuta habari zimemtangulia. Akaishia kupalilia mashamba ya watu kwa shilingi elfu tano kwa siku.

Jioni moja binti yake, Beatha, anayesoma kidato cha pili, alimuuliza kama ni kweli anaogopa kuendesha. Wenzake shuleni walikuwa wamemwambia.

"Si kwamba nilikuwa nimechukia tu," anasema. Ametoka uvunguni, bega limejaa tope, na sauti yake imeshuka. "Nilianza kujiuliza labda mguu wangu ndio mbovu. Labda breki ilikuwa nzima na mimi ndiye sina akili. Hilo ndilo walilonifanyia."

Maana yake ni kwamba mtu aliyekuwa anajiamini alifundishwa kutojiamini, na somo lenyewe likaitwa semina ya kujiamini.

Jumapili moja, watu wakiwa wametoka kanisani, Martin alifika nyumbani kwake. Walizungumza Kishambaa, wamesimama uani, kwa kuwa Esteria hakumkaribisha kiti.

Martin mwenyewe haoni haya tena kuyarudia. "Nilimwambia, dada, siku ile nilishuka naomba Mungu. Breki ilikuwa kama ulivyosema wewe. Sikujiamini hata kidogo. Nilimwogopa bosi kuliko bonde."

Basi tuwatazame hao wawili. Mmoja alifanya jambo asiloliamini kwa sababu mwenye gari alikuwa anamtazama, akasifiwa kuwa jasiri. Mwingine aliusikiliza mguu wake mwenyewe, huku mvua, bosi na Soni nzima vikimpinga, akaonekana wa kufundishwa. Kama huko si kujiamini, neno hilo halina kazi, na tuliache.

Esteria hakumshukuru. "Nilimuuliza, umekuja kuniambia mimi? Mimi nilikuwa najua. Kawaambie waliocheka."

Ilimchukua Martin wiki kadhaa, kwani ana familia na alijua gharama ya kusema. Wakulima wa mboga wa Gare walikuwa wamenunua lori kuukuu kwa pamoja na wanatafuta dereva. Jina la Esteria lilipotajwa kwenye mkutano wao, mmoja alisema mama huyo ni mzuri ila hajiamini. Martin, ambaye mkewe ni mwanachama, aliinuka na kueleza yote, pamoja na hofu aliyoshuka nayo. Mwenyekiti alipouliza nani bado ana pingamizi, hakuna mkono ulionyanyuliwa.

Maneno hayo yalimfikia Edgar kabla jua halijazama. Martin alisubiri kunyang'anywa funguo. Hakunyang'anywa. Wiki hiyo hiyo breki za lori zilitengenezwa. Mwanamke aliposema breki ni mbovu alipelekwa kwa mhamasishaji. Mwanamume aliposema hivyo, aliitwa fundi.

Edgar, alipopigiwa simu, alisema hana ugomvi na Mama Beatha. "Biashara ya mboga inataka mtu anayejiamini. Ukisimamasimama mzigo unaoza." Alipoulizwa kwa nini basi alizitengeneza breki, alisema yuko sokoni hasikii vizuri, simu ikakatika.

Wakulima wanamlipa Esteria shilingi laki mbili na nusu kwa mwezi, chini ya alichopata kwa Edgar. Madalali wa Mombo wananung'unika akichelewa. Mzee Omari hawasikilizi.

"Nimepanda sana magari ya hao wanaojiamini," anasema akiliegemea gogo lake. "Wawili nimekwenda kuwazika. Kwa mwanangu huyu nasinzia njiani."

Sasa Esteria anataka kubeba watu. Amekwishapata leseni ya magari ya abiria, na wiki iliyopita mwenye basi mmoja wa Mombo alimpigia simu. Kabla ya salamu kwisha alimuuliza kama ndiye yule dereva anayesimama.

"Nikamwambia ndiyo, Mama Simama ni mimi. Akasema, njoo Jumatatu."

Beatha ameshampigia pasi gauni la kwendea. Ndani ya mkoba Esteria ameweka ovaroli.

"Akiniuliza kama najiamini, nitamwomba kwanza niingie chini ya basi lake," anasema, akipanda kwenye usukani huku Mzee Omari akiondoa gogo. "Nikitoka ndipo nitamjibu."