Etaje ya Kwanza

Harufu ya saruji mbichi imeingia tena dirishani. Hapa Lubumbashi minara mipya imekwisha kutufichia kile kilima cheusi cha mabaki ya shaba. Harufu hiyo hunirudisha Kamina, uani kwetu, mama akipepeta mahindi.

Baba alikuwa fundi mwashi. Alikuja huku Lubumbashi kujenga nyumba ndefu. Siku ile mtu wa reli alituletea habari: "Mama, bwana yako ameanguka ku etaje ya kwanza. Muntu apande treni ya leo."

Mama alicheka. Mtaani kwetu hapakuwa na etaje, yaani ghorofa; hapakuwa na nyumba iliyopanda juu ya nyingine. "Etaje ya kwanza njo ile ya chini, papa! Muntu iko chini, anaanguka tena wapi? Alikunywa tu."

Baba mdogo alikuwa amekwisha kufunga mzigo. Mama akamwambia angoje treni inayofuata.

Treni hiyo ilichelewa sana. Baba mdogo alipofika, alionyeshwa kaburi. Wenzake baba walimwambia kwamba mgonjwa alikuwa akiuliza kila asubuhi kama treni ya Kamina imeingia.

Kazini kwangu sasa kuna lifti. Kitufe cha chini kabisa kimeandikwa sifuri. Moja iko juu yake.