Picha Yangu ya Mto wa Ikinga

Jamani, mimi ni mwalimu hapa Ikinga, na mwezi uliopita nilijiona mpiga picha kwa sababu tu nilinunua kamera Nakonde. Asubuhi moja nilipanda kilimani nikaupiga picha mto. Studio ya Tunduma wakanisafishia picha kubwa, nikaitundika ofisini na kuwaita walimu wote.

"Tazameni jiwe hili jeupe kando ya maji," nikawaeleza. "Ndilo lililonigusa moyo."

Mwalimu mkuu akavaa miwani, akasogea, akalitazama kwa muda mrefu.

"Mwalimu," akasema taratibu, "hilo si jiwe. Nilikuwa naoga. Huo ni mgongo wangu, umejaa povu."

Mkewe, anayefundisha darasa la kwanza, naye akasogea.

"Baba Neema," akasema, "huo si mgongo."