Meno ya Ujerumani

Zénon Bisimwa, jirani yangu kutoka Bukavu, hakutazami usoni, anakutazama mdomoni. Kanisani hapa Dzaleka, kambini kwetu wakimbizi, sisi tunasikiliza kwaya, yeye anakagua mapengo. Kazi yake ni kuchora kwenye kompyuta meno ya bandia yanayofungwa kwa sukurubu juu ya vipandikizi vya chuma vilivyozamishwa kwenye taya. Tundu la sukurubu likitokeza mbele ya jino, anafuta yote na kuanza upya huku akinuna kama bibi harusi aliyekosewa shela. "Tundu ikae nyuma," anasema. "Mbele njo kwa kucheka."

Alipokuwa bado akikaa mjini, mtaa wa Nsungwi, alimchorea Daktari Karangwa, Mnyarwanda mwenye kliniki mjini. Karangwa aliwaambia wateja kwamba meno yamechorwa Ujerumani. Zénon alijua, akanyamaza, maana alitaka kazi. Unyonge ule unanikera mpaka leo.

Mteja mnono kuliko wote alikuwa mkubwa mmoja wa serikali, wa kule Capital Hill kwenye wizara, meno sita ya juu. Alipofungiwa tu, alikwenda mkutanoni, akazitabasamia kamera, akasema wakimbizi warudi kambini, mjini hawana faida. Maneno hayo yalipita katikati ya meno ya Zénon. Wiki ile ile Zénon alipandishwa lori la kurudishwa kambini, kompyuta mapajani. Aliomba mara tatu kibali cha kutoka kambini aende kazini, akakataliwa mara tatu.

Kisha mkubwa akatafuna mfupa wa mbuzi, ingawa alikatazwa. Meno yakapasuka. Mchoro alikuwa nao nani? Karangwa akajikuna kichwa, akatoa anwani ya Ujerumani: Dzaleka, wilaya ya Dowa. Mkubwa, mkono mdomoni, akasaini kibali cha siku moja. Moja!

Zénon alikwenda kliniki amevaa suti yake ya harusi. Anavyosimulia, na chumvi haachi kuongeza, Karangwa alifungua sukurubu mdomoni mwa mkubwa, akaweka meno yaliyopasuka kwenye sahani. Zénon akayatazama, akatazama kibali, akafunga kompyuta.

"Daktari, umwambie mukubwa aksanti sana. Siku moja inatosha kufungua. Kuchora tena na kufunga, ile inaomba kibali ya mwaka muzima."

Karangwa akatafsiri kwa Chichewa cha adabu. Mkubwa akataka kufoka, lakini kwenye pengo la meno sita ukatoka upepo tu. Akaomba kalamu.